Viwavi Waliopandwa

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Mzenga kunisomea idadi ya viwavi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Kalamu unayo?” Aliniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake, na nadhani pia kwa sababu ilimfurahisha kumwamuru baba yake. “Andika. Mche wa kwanza, wanne. Wa pili, hakuna. Wa tatu, saba, na mmoja kaniangalia vibaya.”

Miche ilikuwa ishirini, yote ya mbaazi, kila mmoja umefungwa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye sweta langu kuukuu. Mimi niliandika nikiwa sebuleni kwangu Kibaha, na chai mezani. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu wa shambani.

Aliyeanzisha yote ni mdogo wangu wa kike, ambaye ananizidi shahada moja na subira nyingi. Anafanya kazi Dar, katika ofisi inayoshughulika na wadudu wa mazao, lakini kazi aliyoipenda ni ile asiyolipwa: kuwaandika nyigu wasio na majina. Si hawa nyigu wa kwenye kenchi za paa wanaouma watu. Wake ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Jike hutaga mayai ndani ya kiwavi aliye hai, na watoto humla kiwavi yule kutoka ndani, wakiviacha kwanza viungo vinavyomweka hai. Aliwahi kunieleza haya tukiwa tunakula wali. Nilimaliza wali, lakini polepole.

Katika shamba la shangazi alitega mabakuli ya njano yenye maji ya sabuni, maana wadudu wengi hudhani kitu cha njano ni ua. Akapata majike wawili. Kwa miaka mitatu alihesabu pingili za vipapasio vyao, akapima mishipa ya mbawa, akalinganisha vishimo vya mgongoni na kila mchoro alioweza kuupata. Hawakufanana na yeyote. Mtaalamu wa nje aliyetazama picha alimjibu kwa mistari miwili: tafuta dume, na ujue anatoka ndani ya kiwavi gani, bila hayo usitoe jina. Basi akawa anakusanya viwavi na kuwafuga kwenye chupa ndani ya stoo yangu. Wote wakaoza. Njia iliyobaki ilikuwa kusubiri mambo yatokee yenyewe shambani.

Tatizo ni kwamba shangazi alitaka kupiga dawa tangu alipoona kiwavi wa kwanza. Mbaazi zile ndizo mboga yake ya mwaka mzima na mbegu yake ya mwaka unaofuata. Dawa ingeua nyigu pamoja na viwavi, na hatukujua shamba jingine lolote wanakoishi. Hapo ndipo nilipojipeleka katikati bila kuitwa.

Mimi nafundisha hesabu chuoni. Somo langu ni milinganyo tofautishi, hasa ile isiyotatulika kwa kalamu. Mlinganyo wa namna hiyo haukuambii viwavi ni wangapi. Unakuambia tu wanaongezeka au wanapungua kwa kasi gani sasa hivi. Basi unaanza na idadi unayoijua, unapiga hatua fupi mbele kwa kasi hiyo, unasimama, unauliza kasi upya, unapiga hatua nyingine. Viwavi wale wa mbaazi hutembea hivyo hivyo. Hawana miguu katikati ya mwili, kwa hiyo hujikunja na kujinyoosha kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Nilipowaona mara ya kwanza niliona wamelielewa somo kuliko wanafunzi wangu.

Hatua ikiwa ndefu mno, unaanguka. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na hatua ya wiki nzima, na kompyuta ikanipa viwavi kumi na wanne chini ya sifuri. Mdogo wangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

“Kaka, hao wanakula majani au wanayarudisha?”

Nilifupisha hatua, mambo yakakaa sawa, nami nikavimba kichwa. Nikamwahidi shangazi kwamba nitawafuatilia viwavi na nyigu kwa hesabu kila wiki, na viwavi wakivuka kiwango fulani nitasema.

“Kwa hiyo nisipige mpaka useme?”

“Mpaka niseme.”

“Haya. Wewe ndiye uliyesoma.”

Wiki ya tano alifika mche wa tisa, akasita.

“Sita. Sasa, baba, hawa waliopandwa nao niwahesabu?”

Kwetu mtu aliyepandwa ni mtu mwenye shetani kichwani, anayesema kwa sauti isiyo yake mpaka apungwe. Nilitabasamu peke yangu sebuleni, nikajiona mtu mvumilivu sana.

“Wamepandwa na nini, shangazi?”

“Nitajuaje mie? Wamesimama tu. Hawali, hawatembei. Ukiwasogelea wanakutikisia kichwa.”

“Lakini wako hai?”

“Wako hai.”

“Basi wahesabu. Wewe nihesabie walio hai, mengine niachie mimi.”

“Haya, baba.”

Neno “waliopandwa” nililiandika pembeni ya daftari, nikalipigia mstari. Nililiona tamu, nikasema litanifaa siku moja kwenye makala. Sikumwambia mdogo wangu. Halikunijia hata wazo la kumwambia.

Wiki ya sita na ya saba mstari wa kompyuta ulishuka, na namba za shangazi zikapanda. Nilifanya ninachowaambia wanafunzi wafanye: nilipunguza hatua nusu, nikaipunguza nusu tena, na tena, mpaka nikawa natembea kwa dakika. Kila mara mstari ulirudi palepale na kutulia. Siku nyingine hiyo ndiyo raha ya kazi yangu, maana mstari usiobadilika ukipunguza hatua ni dalili kwamba umekokotoa vizuri. Safari hii ulinitia baridi. Hesabu ilisema shamba linakaribia kuwa tupu, shangazi alisema limejaa. Nilikaa mchana kutwa, pazia limefungwa kwa sababu ya jua, nikitazama nukta zake zikielea juu ya mstari wangu bila kitu cha kuzishika. Kuna wakati nilihisi kwamba kuna aina mbili za viumbe kule Mzenga zenye sura moja, na kwamba moja ya hizo si ya kuhesabiwa. Niliinuka nikanywa maji. Mtu wa hesabu hafanyi kazi kwa kuhisi.

Mdogo wangu alikuwa safarini kikazi bara, simu haipatikani. Jumamosi ya wiki ya nane namba zilivuka kile kiwango nilichokiweka.

“Shangazi, piga dawa.”

“Mbona majani hayajaliwa sana, baba?”

“Grafu inapanda, shangazi.”

“Inapanda nini?”

“Inapanda tu. Piga leo leo.”

“Wewe ndiye uliyesoma,” alisema, na sikusikia kejeli yoyote. Afadhali ningeisikia.

Mdogo wangu alirudi Jumanne. Nilimweleza kwa sauti ya mtu aliyechukua uamuzi mgumu, nikamfungulia na daftari. Hakuitazama grafu. Alikuwa akisoma pembeni ya ukurasa.

“Hii nini, ‘waliopandwa’?”

“Aa, maneno ya shangazi. Anasema baadhi ya viwavi wana mashetani.”

“Alisemaje hasa? Neno kwa neno.”

Nilimrudia neno kwa neno. Alilifunga daftari, akaliweka mezani taratibu kama kitu kinachoweza kulipuka. “Kaka,” alisema, “kesho tunakwenda Mzenga.”

Asubuhi yake tulishuka Mlandizi na kuchukua bodaboda mbili hadi Mzenga. Tuliingia shambani saa saba mchana, shangazi akitutangulia. Hata nzi hawakutujia usoni. Mabakuli ya njano yalikuwa yamefunikwa kabisa na nzi weusi waliokufa, wakielea. Viwavi walikuwa bado wako juu ya miche. Wamekufa, lakini hawakuanguka. Kila mmoja alikuwa ameshika kijiti kwa miguu ya nyuma, ameinamia kifungu cha vifukofuko vyeupe kama punje za mchele, na uzi mwembamba umevizunguka. Safu nzima, na safu iliyofuata, kila mmoja kainama juu ya kifungu chake. Ukitazama kwa mbali ungesema wako kwenye sala.

“Nilikuuliza,” shangazi alisema. “Nikasema waliopandwa.”

“Nilidhani unazungumzia shetani.”

“Shetani wa nini! Kapandwa, baba, kama unavyopanda mahindi. Kapandwa mbegu, zikaota, zikatokea ubavuni, hizo hapo. Wewe ulidhani nawapigia viwavi ngoma?” Alitaka kucheka, akamwona mdogo wangu, akaacha.

Mwisho wa shamba, kwenye mpaka na mihogo, dawa haikufika vizuri. Tulikuta wanne walio hai. Kivuli changu kilipowaangukia, wa kwanza aliinua kichwa akakipiga huku na huku. Wa pili akafanya hivyo, kisha wa tatu na wa nne, mpaka wote wakawa wanatikisa kwa mpigo mmoja. Nilirudi nyuma hatua mbili. Mdogo wangu alisogeza unyasi, na yule wa kwanza akaugonga kwa nguvu.

“Anawalinda,” alinong'ona. “Wamemla, wametoka, na yeye anawalinda.”

“Kwa nini?”

“Wataalamu wanasema mtoto mmoja au wawili wa nyigu hubaki ndani yake.” Aliendelea kumtazama. “Sasa hivi si yeye anayetikisa kichwa.”

Tulikata vijiti vile vinne pamoja na vifungu vyake, na vingine kama thelathini kutoka kwenye miche iliyopigwa dawa. Chupa zote zikapangwa dirishani kwangu Kibaha. Dume alikuwa ndani ya mojawapo, hilo tulikuwa na uhakika nalo. Vile vya dawa havikutoa kitu. Mdogo wangu alivipasua chini ya lenzi akakuta nyigu weupe, wamekauka kabla ya kukamilika, vipapasio vimekunjwa kifuani. Huwezi kumwandika kiumbe ambaye hajamaliza kuwa. Tukabaki na chupa nne.

Siku ya sita alinipigia kutoka kazini. “Nenda kaangalie.”

Nilikwenda. Ndani ya chupa ya kwanza kulikuwa na vitu vinavyotembea juu ya kioo. “Wametoka!” nilipiga kelele. “Wako wengi! Hata ya pili, hata—wote wametoka!”

“Rangi gani?”

“Kijani. Wanang'aa kama shanga.”

Nilisikia mtu akiongea nyuma yake ofisini, na mlango ukifungwa.

“Hao si wenyewe,” alisema hatimaye. “Hao ndio wanaowala wenyewe.”

Niliinamia tena chupa ya kwanza. Mle ndani kiwavi alikuwa amemlinda mlaji wake, na mlaji wake alikuwa tayari na mlaji mwingine tumboni. Wale wa kijani walipanda kioo mpaka kwenye kitambaa cha juu, wakashuka, wakapanda tena.

Baadaye niliirekebisha hesabu. Nilitenganisha viwavi wazima na waliopandwa, kama shangazi alivyotaka kufanya tangu wiki ya tano, na mstari ukapita katikati ya nukta zote bila kutetereka. Sijawahi kupata ulinganifu mzuri kama ule. Kwa mujibu wake, Jumamosi niliyosema “piga”, viwavi wazima katika miche yote ishirini hawakufika hata mmoja. Shamba lilikuwa limejaa viumbe waliokwisha, na mimi niliwaogopa kwa kuwa walikuwa wamesimama. Nilimwonyesha mdogo wangu. Akasema ni grafu safi.

Mwaka uliofuata mimi na mdogo wangu tulikwenda Mzenga, mbaazi zikiwa zimefika kifuani. Alikuwa ameshazunguka mashamba ya jirani na mabakuli yake bila kupata hata jike. Anga lilikuwa jeupe, bila wingu, lakini tulipoingia kati ya safu tulisikia manyunyu. Nilitoa mkono nje ya kivuli, haukulowa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni vinyesi vya viwavi, punje kwa punje, vikidondokea majani makavu shamba zima.

Mdogo wangu alianza mche wa kwanza. Alikuwa akigeuza kila jani. Shangazi alimfuata, bomba la dawa mgongoni, akimwachia nafasi. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu hakuna aliyenipa kazi. Kila kiwavi niliyemkaribia alikuwa akitafuna. Hakuna aliyeinua kichwa.

Ilipita saa moja na zaidi kabla hawajafika kwenye mihogo. Mdogo wangu alinyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Wazima wote,” shangazi alisema.

“Wazima wote.”

“Nipige?”

Hakuniuliza mimi. Mdogo wangu aliangalia safu alizotoka, majani yakiwa tayari na matundu ya kuonesha mwanga, na manyunyu yale yakiendelea.

“Piga, shangazi,” alisema, akaanza kuyamwaga mabakuli, moja moja.