Muchapaji wa Zamani na Karatasi Yenye Kulowa

Siku ya Mungu, tarehe 15 mwezi wa pili. Mvua ilisimama asubuhi, jua ilikuwa kidogo.

Naandika mambo ya jana, na sitaongeza kitu. Masomo yangu iko kidogo, labda macho ilinidanganya. Lakini ndoto haiachake wino ku vidole.

Vitabu vya nyimbo vya korali vilipaswa kutoka jana mu nyumba yangu ya kuchapa, juu ya jubile ya leo. Papa Mukendi, mukubwa wa korali, alisema mbele ya bantu: «Ukishindwa, kazi yetu yote tunapeleka kwa bale ba ordinateur, na kompyuta zabo!» Ile kazi njo inalishaka nyumba yangu. Kumbe saa tisa courant ya umeme ikakatika, na mvua ikapita mu mabati, karatasi yote ikalowa. Nikakaa chini, nikalia. Weye ungefanya nini?

Muzungu muzee akaingia. Inje mvua ilikuwa inapiga sana, lakini nguo yake ilikuwa kavu. Uniamini! Maman wa mikate pa mulango anasema hakuona muntu. Lakini alikuwa amejifunika kiloba ku kichwa, basi sihesabu ushahidi wake.

Akagusa karatasi, akacheka. «Papa, unalilia nini? Iko tayari! Siye tulikuwa tunailowesha kwa makusudi. Karatasi kavu hainywake wino muzuri.»

Swahili yake ilikuwa ya hapa hapa Katuba. Sijui namna gani.

Akafunua mashini ya mukono ya marehemu baba, ile tuliwekeaka masufuria. Miye nikapanga herufi za risasi; yeye akapaka wino na tampon, donge ya ngozi aliyotoa mu koti, akavuta muti wa mashini. Akivuta, anasimulia: kwao, zamani sana, alikuwa fundi wa dhahabu. Akaacha dhahabu, akayeyusha risasi ya kutengeneza herufi, bantu bakamuita kichaa. Mwisho atelier yake ya kuchapa ikaenda ku mikono ya bengine, na kitabu chake kikubwa kikatoka bila jina yake.

«Jina ilipotea,» akasema. «Kitabu banakisoma.»

Tulipoangika ukurasa wa mwisho ku kamba, usiku katikati, nikageuka kumushukuru. Hakukuwa muntu.

Leo korali nzima imesimama na vitabu mu mikono! Papa Mukendi akainua chake yulu: «Nani alisema ile mashini ilikufa?» Vigelegele kanisa nzima. Nikalia tena, lakini ile kilio ilikuwa tamu.

Toka jana mukono wangu unakataa karatasi kavu. Na weye unayesoma: mugeni mukavu akiingia kutoka mu mvua, usimuulize jina. Mupe kazi.

«Ule muzungu yako,» bibi yangu wa ndoa akaniuliza, «ulimupa hata maji?»

Sikumupa. Ni haki niandike.

Jioni tumekula bukari, sombe, na kuku mukubwa, zawadi ya korali.