Kapeti Mpya na Viatu vya Mama Mkwe

Niliponunua kapeti za mpira za gari pale Soweto, Mbeya, niliacha zile bapa nikachukua zenye kingo, maana muuzaji aliniapia kwamba tope lote linabaki humo. Tope lenyewe nikalikataza kuingia. Asubuhi ya harusi ya shemeji yangu nilimwomba mama mkwe avue viatu kabla ya kupanda, nami nikavua vyangu.

Tulifika kanisani Kihesa, Iringa, mvua imetoka kunyesha, na viatu vyetu vimebaki uani kwangu Mbeya.

Mama mkwe akatazama lile tope, kisha akanitazama mimi.

“Mkwe wangu, hizo kapeti si za kukanyagia? Nitandikie basi.”

Nikamtandikia, moja baada ya nyingine, hadi mlangoni mwa kanisa, nikikanyaga tope kwa soksi zangu, kwaya nzima ikitazama.