Sweta la Kijani la Mwalimu Wenceslaus

Nachingwea si mahali pa sweta. Hata mwezi wa Juni, watu wanapokwenda shamba alfajiri wamejikunyata, saa nne haijafika jua limeshamvua kila mtu alichojitanda. Kwa hiyo mwalimu Wenceslaus alipotokea shuleni amevaa sweta la mikono mirefu, jasho likimchuruzika nyuma ya masikio, watu walikuwa na haki yao ya kucheka. Wanafunzi walimwita Mwalimu Baridi. Alijua, na bado hakulivua mpaka kengele ya mapumziko ilipolia.

Aliyemvisha alikuwa mkewe, Felomena. Walikutana Njombe, mwalimu akiwa kazini huko, yeye akiwa msichana aliyefundishwa na masista wa misheni kufuma kwa sindano mbili. Kwao Njombe kazi hiyo ilikuwa na maana, kwani maji ya mtungi asubuhi yanauma meno. Mwaka 1975 mwalimu akahamishiwa kwao kusini, kwanza Ruangwa, baadaye Nachingwea mjini, na Felomena akashuka naye kwenye joto akiwa amebeba kikapu chake cha nyuzi. Mtu mwingine angekigawa njiani. Yeye alisema mikono yake ikikaa bure inamletea mawazo ya nyumbani, na nyumbani palikuwa mbali mno kupawaza kila siku.

Basi akafuma. Redio ya mwalimu ikapata vazi lake, lenye matundu mawili ya kupitishia vifundo. Birika likapata kofia. Viti vikapata vitambaa vya mgongoni na vya mikononi. Mtoto wa Mwanawetu, jirani yao, alipata kofia ya sufu yenye shada juu, ikamletea vipele vya joto hadi bibi yake akaificha darini. Felomena alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Watoto wake mwenyewe hakujaaliwa. Mimba mbili ziliharibika wakiwa Ruangwa, na baada ya hapo hakuzungumza tena habari hiyo, wala mwalimu hakumlazimisha. Akawa anamfumia mwalimu.

Jioni, baada ya kula, mwalimu alikaa kwenye kigoda akanyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto. Felomena alimvisha uzi viganjani, kisha akauvuta taratibu na kuuzungusha donge, huku redio ikisoma taarifa ya habari. Mbu wa Nachingwea waliijua saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote. Mwalimu akiwa amefungwa mikono namna ile alikuwa akiita, "Mama, pua! Pua, nakufa!" Felomena alimkuna kwa kucha ya kidole gumba na kuendelea na donge lake. Majirani waliopita walisema mwanaume huyu amelishwa kitu. Na walishwe wote, kama kulishwa ndiko kule.

Miaka ya themanini ilipoingia, dukani kwa Awadhi hapakuwa na uzi. Hapakuwa na sabuni, sembuse uzi wa sufu. Felomena akaanza kufumua masweta ya zamani ili afume mapya. Ukikata fundo la mwisho shingoni na kuvuta, sweta linarudi lenyewe lilikotoka, mstari kwa mstari, mpaka huna kitu ila rundo la uzi uliojikunjakunja. Uzi huo hufuliwa, huanikwa ukiwa umefungiwa jiwe chini ili unyooke, ndipo ufumike tena.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa lile la kijani. Kijani kilitoka kwenye sweta alilovaa mwalimu siku ya kumposa, la Njombe kabisa. Mikono ya kahawia ilitoka kwenye sweta la Ruangwa, lile la mwaka wa mimba ya kwanza. Uzi wa kahawia ukamwishia njiani, mkono wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia, na Felomena akataka kulia kwa aibu. Mwalimu alilivaa, akajitazama, akasema afadhali, sasa saa yake itaonekana. Tangu siku hiyo alikuwa kama hana sweta jingine. Lilishika vumbi la chaki na harufu ya sigara zake, na kiwiko cha kulia kikatuna kwa jinsi alivyokiegemeza mezani akisahihisha madaftari.

Aliyekuwa hanyamazi juu ya masweta hayo ni Marselina, dada mkubwa wa mwalimu, aliyekaa Ruponda. Alikuwa na ulimi, mama huyo. Kila alipokuja kuwatembelea alimzunguka kaka yake mara moja, akamgeukia Felomena. "Wifi, umemfunga kaka yangu kama gunia la korosho. Unataka kumpika?" Watu wakicheka, Felomena naye alicheka, lakini moyoni lilimchoma. Aliamini kwamba wifi yake hampendi, na akakaa na imani hiyo miaka yote bila kumuuliza mwenyewe.

Homa ilimwanza mwalimu Jumapili moja baada ya misa, mwaka 1984, mvua za masika zikiwa bado. Alilalamika baridi. Ndiyo mara ya kwanza tangu wahamie kusini kwamba baridi yake ilikuwa ya kweli, na Felomena akamvisha lile la kijani, akamfunika na blanketi juu. Lilikuwa mwilini mwake mpaka mwisho. Kabla ya Jumapili nyingine walikuwa wamemzika kwao Ruponda, na Felomena, ambaye hakuwa hata na miaka thelathini na tano, akakalishwa mkekani akiwa mjane.

Wanaume walipomaliza kumwosha marehemu, walitoa nje zile nguo alizofia. Aliyezipokea ni Marselina. Felomena alimwona kupitia mlangoni: alilikumbatia sweta lile, akalikunja mwenyewe polepole, akalitia kwenye sanduku la bati pamoja na nguo nyingine zilizoletwa kutoka Nachingwea, akafunga, akamletea mjane ufunguo. Felomena akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akajiambia kwamba wifi ameshalichagulia mtu.

Maana siku ya kugawa nguo ilikuwa inakuja. Ndiyo desturi: msiba unapomalizwa, nguo za marehemu hutandazwa uani, na watu wa ukoo hugawiwa, kila mtu abaki na kitu cha ndugu yake. Na kwa Wamwera, kabila la mwalimu, ukoo ulifuata upande wa mama, na mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Mwenye mali alikuwa Evodius, mtoto wa Marselina, mpwa wa marehemu, kijana mwenye mabega mapana. Felomena hakuwa na ugomvi naye. Alimwona tu, kila alipofumba macho, akiwa amelivaa sweta lile shambani, akichoma nalo mikorosho iliyokatwa, majivu yakilitoboa.

Mwanawetu alikuja kuhani kutoka Nachingwea. Walipobaki wawili alimsogelea Felomena sikioni.

"Dada Felo, umejiandaa lakini? Mwenzangu mmoja kule Nambambo alitoka msibani na kanga aliyovaa. Hata furushi lake walilifungua."

"Mimi sitaki kitu, Mwanawetu. Nataka sweta moja."

"Basi liombe."

"Nimwombe nani? Marselina?"

Mwanawetu akajirudisha nyuma mkekani. Alikuwa amemsikia Marselina siku nyingi.

Kuomba, Felomena aliona haya. Mtu wa kuja, asiyewazalia mtoto, angeanzia wapi? Kulificha furushini, wangelifungua. Alilala na kuamka na jambo hilo moja, mpaka siku moja, katikati ya siku za msiba, akaona kwamba kuna kitu kisichogawiwa na mtu yeyote: uzi. Uzi si nguo. Uzi ulikuwa wake tangu kwao, ulikuwa kikapuni mwake, na hakuna mjomba wa Ruponda ambaye angeita mtu uani ampe donge.

Mchana wanawake walipokwenda mtoni kufua, alifungua sanduku. Harufu ya mwalimu ikamtokea usoni kana kwamba ameitwa. Alikaa na sweta mapajani muda mrefu, mkono mmoja ameuingiza kwenye kile kiwiko kilichotuna. Kisha akakata fundo la shingo kwa meno, akavuta.

Mjane haruhusiwi kufanya kazi ya mikono msibani, na alivuta huku amegeukia ukuta kama mwizi. Kifua kilifumuka, mgongo ukafumuka. Kiwiko kikawa uzi kama uzi mwingine. Hapakuwa na mtu wa kunyoosha mikono mbele yake, kwa hiyo aligeuza kigoda miguu juu akazungushia hapo. Alilia bila sauti. Alijiambia kwamba halipotezi, analisafirisha tu, na akifika nyumbani atalirudisha kama lilivyokuwa, hata ule mkono mfupi ataufupisha makusudi. Mtu akiwa na uchungu hujidanganya kwa mambo ambayo fundi aliye ndani yake anajua fika kuwa hayawezekani. Uzi ulikuwa umejikunja, na kesho yake, kwa kuwa mikono ilishazoea utaratibu, aliufua pamoja na kanga zake, akauanika nyuma ya nyumba, pasipopita watu, umefungiwa jiwe. Ulipokauka ukawa madonge manne ya kijani na mawili ya kahawia. Aliyatia kikapuni chini ya vitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akala ugali ukamshuka.

Siku ya kugawa ilifika. Mjomba Hasani, mzee wa ukoo, Mwislamu katika ukoo uliokuwa na waumini wa dini zote mbili, alikaa kwenye jamvi, sanduku mbele yake. Suruali zilikwenda kwa huyu, mashati kwa yule. Viatu vilijaribiwa na watu watatu kabla ya kupata mguu wake. Sweta la bluu akapewa Evodius, nalo likamkaa vibaya mabegani, watu wakacheka kidogo katikati ya huzuni. Felomena alikaa pembeni ametazama chini. Kila kilichotoka kilipita mikononi mwake siku moja, na alivisindikiza vyote moyoni.

Sanduku likaisha. Marselina, aliyekuwa amesimama nyuma ya mjomba, akainama, akapapasa ndani, akapapasa tena.

"Lile la kijani liko wapi?"

Mjomba Hasani akageuza sanduku, likatoa vumbi.

"Nililiweka mwenyewe humu," Marselina alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Nani kamwibia mjane ufunguo akafungua? Mjomba, si nilikwambia lile la kijani lisigawiwe? Si tulikubaliana lile ni la mke wake?"

"Tulikubaliana," mjomba alisema.

"Nilisema mwenyewe nitamvisha hapa, mbele ya watu, kila mmoja aone! Kaka yangu alikuwa halivui. Mimi nikimtania anavimba kichwa, ananiambia, Dada, nyie hamjui kupendwa. Nani kachukua kitu cha mjane?" Akawageukia wanawe, akamgeukia Evodius, na Evodius akarudi nyuma akiwa bado amevaa lile la bluu.

Felomena aliinua uso. Angeweza kunyamaza. Lakini Evodius alikuwa anaapa kwa jina la Mungu, na Marselina tayari alikuwa ameinua mkono. Felomena akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu, akakiweka miguuni mwa wifi yake.

"Hili hapa, wifi. Nimelifumua mimi. Nilidhani mtaninyang'anya."

Marselina alichuchumaa, akatazama yale madonge kama mtu anayetazama mboga asizozijua. Akachukua moja la kijani, akalipeleka puani, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Halinuki," akasema. "Umelifua?"

"Nimelifua."

"Mimi sikulifua," Marselina alisema. "Waliomwosha walitaka lifuliwe, nikakataa. Nikasema hiyo harufu ndiyo iliyobaki."

Akakaa chini mavumbini, mama yule mwenye ulimi, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi. Felomena akakaa kando yake. Hakukuwa na aliyemlaumu mwenzake, na labda lawama ingekuwa nyepesi zaidi. Mjomba Hasani akawaashiria watu waondoke mmoja mmoja, na waliopewa nguo wakaondoka nazo mikononi bila kuzivaa.

Baadaye Marselina akajifuta uso kwa kanga.

"Lakini unajua kulifuma tena," alisema. "Si ndiyo, wifi? Unajua."

"Najua."

"Basi litarudi." Alikuwa bado ameshika lile donge. Aligeuza uso pembeni, na sauti yake ikawa ndogo. "Naomba hili moja nibaki nalo. Moja tu."

Felomena alijua hesabu ya uzi kuliko mtu yeyote Nachingwea nzima. Alijua kwamba uzi ule ulitosha sweta la mwalimu kwa shida, ndiyo maana mkono mmoja ulipungua, na kwamba donge moja likitoka, mengine yaliyobaki hayawezi kuwa sweta la mtu mzima tena.

"Chukua, wifi," alisema.

Marselina akalifunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo, akaenda jikoni kutazama moto.