Mtaro wa Bibi Mwajuma

Tope bichi la mtaroni lilikuwa na harufu kali, na kila Jumamosi asubuhi harufu hiyo ilichanganyika na ya iliki na karafuu kutoka duka la viungo la jirani, mpaka sisi watoto tukaziba pua kwa kola za mashati. Bibi Mwajuma alikuwa ameshakaa barazani, khanga kiunoni, anatugawia majembe na ndoo. Nyumba ile ya Kariakoo ilikuwa yake, na humo ndimo alimozaliwa. Wazazi wangu, waliotoka Kilimanjaro kuja kuuza vitenge, walipanga vyumba viwili. Bibi alijua mtaro ulipoanzia, ulipopinda chini ya kibaraza cha fundi cherehani na ulipotokea mtaa wa pili. "Toa mpaka chini, Neema," aliniambia. "Usinifagilie juu juu kama unapaka poda."

Nilipokuwa na miaka kumi, wanawe walikuja kumchukua wampeleke Chanika, nje kabisa ya jiji, walikomjengea chumba. Walisema amechoka, apumzike. Mama alimuuliza kama anataka kwenda. "Wameshaamua, mwanangu," alijibu, akikunja khanga zake moja moja. Sikumuaga vizuri, nilifurahi kwamba Jumamosi ningelala hadi saa tatu. Na kweli hakuna aliyetuamsha tena. Jirani alipoanza kujenga ghorofa, vifusi vilimwagwa juu ya mtaro, nasi tukavipita kana kwamba havituhusu.

Masika yalipofika, maji yaliingia vyumbani hadi usawa wa godoro. Vitenge vya Baba vililowa marobota mazima. Wanaume walichimba kutwa wasiuone mtaro. Kila mmoja alikuwa na upande wake wa kuonyesha. Ndipo Mama akanishika mkono, tukaenda Chanika.

Tulimkuta Bibi peke yake kwenye kiti cha plastiki, ameelekea ukuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Siku hizi nani anafagia?"

Mama aliinamisha kichwa. Bibi hakutulaumu. Aliokota kijiti akachora mchangani: nguzo ya umeme, hatua saba, kona, mfuniko wa zege. Hakufuta hata mstari mmoja. Tulipoaga alinishika vidole, akauliza kama tutarudi. "Tutakuja Idi, Bibi," nilisema mimi.

Wanaume walihesabu hatua saba kutoka kwenye nguzo, wakafuata kona, wakachimba, jembe likagonga mfuniko wa zege, wakauinua na kuzibua. Maji yaliondoka kwa kishindo na mtaa mzima ukashangilia. Ila Idi ilitukuta Baba anahangaika kuinua biashara upya, na hatukwenda. Wiki chache baadaye mwanawe mkubwa alikuja kutuambia kwamba wameshamzika. Mama alikaa chini palepale barazani, akalia kwa sauti mbele ya wapita njia.

Sasa nafanya kazi Posta na naishi ghorofa ya tano, Mchafukoge. Mvua ya saa moja tu inatosha kuufunga mtaa wetu, na hakuna ninayemjua anayeweza kusema maji yalikuwa yakipita wapi zamani. Mwaka huu tuliitwa kwenye mkutano wa wakazi kuhusu mafuriko. Wazee walikalishwa viti vya mbele, wakapewa soda. Mtaalamu alituonyesha ramani. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alinyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha tena. Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Nilikuwa nimekaa nyuma yake mzee yule, ningeweza kumgusa bega nikamuuliza alichotaka kusema. Nilichukua mkoba wangu, nikatoka.