Sahani ya Mzee Bepe

Sisi tuliokuwa shule ya msingi miaka ya sabini, likizo kwetu ilikuwa na maana moja tu: unafungiwa nguo mbili kwenye kikapu, unapandishwa basi, unapelekwa kwa shangazi. Watoto wa leo wakikaa siku mbili bila umeme wanasema wameteswa. Sisi tulitoka Shinyanga alfajiri, tukafika Geita tuna vumbi hadi kwenye kope, na tukajiona tumefika Ulaya.

Na kwa kweli Ulaya ilikuwepo, ya chumba kimoja. Mgodi mkubwa ulikuwa umeshafungwa na nyumba za wazungu zimebaki na popo, lakini kando ya barabara palikuwa na hoteli ya Mama Rosa. Huyu alikuwa Msukuma wa Kharumwa, mjane wa Muitaliano ambaye watu walimwita Mzee Bepe, na mumewe ndiye aliyemfundisha mapishi ya kwao. Alikanda unga wa ngano kwa mayai, akausukuma kwa chupa, akaukata nyuzi nyuzi na kuzianika kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga. Nyanya alizichemsha asubuhi nzima na kitunguu saumu, kisha akatupia majani yanayonukia kama kivumbasi, kile tulichofukuzia mbu. Siku nyingine alimwaga ugali laini wa njano juu ya ubao, akaumiminia mchuzi wa kuku, na kila mtu akala kuanzia upande wake. Shangazi, ambaye hakukosa swala, alimhoji siku ya kwanza kuhusu nguruwe na mvinyo. Mama Rosa akamjibu kwamba hivyo havijaingia jikoni mwake tangu mumewe afe.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, na mama yangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Nilikuwa nimeacha kula. Sikuwa nimesusa, chakula kilifika kooni kikagoma. Baba alinipeleka kwa shangazi kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na shangazi akanipeleka kwa Mama Rosa kwa sababu hiyo hiyo.

Hoteli ilikuwa na meza tatu. Ya dirishani iliandaliwa kila mchana, sahani, uma na glasi ya maji, na hakuna aliyeikalia. Miaka sita kabla ya hapo Mzee Bepe alikuwa amefukiwa na shimo la dhahabu alilolichimba mwenyewe nyuma ya kilima, na mwili wake haukupatikana. Mama Rosa aliendelea kumpakulia.

Mchana ule tulikuwa wateja peke yetu. Jua lilikuwa kali, hata nzi walikuwa wametulia. Niliitazama sahani yangu ya tambi bila kuigusa. Nikasikia kiti cha dirishani kikiburutwa, kisha harufu ya tumbaku na udongo mbichi, na sauti ya mwanamume, ya chini, karibu kabisa na sikio langu, ikisema, "Manja."

Sikujua maana yake. Nilishika uma nikala, nikamaliza, nikafuta mchuzi kwa mkate.

Shangazi alimshukuru Mungu. Mama Rosa alipouliza hamu nimeipata wapi, nilimwambia kuna baba ameniambia manja. Akaacha kukusanya vyombo. Aliuliza ni baba yupi, nami nikaonyesha dirishani. Neno lile, alitueleza baadaye, ni "kula" kwa lugha ya mumewe.

"Miaka sita namwekea chakula," alisema polepole. "Mimi hajawahi kuniambia hata neno moja."

Shangazi alisoma dua njia nzima na kuapa hatutarudi. Lakini kesho yake uji ulinishinda, tukarudi. Ikawa hivyo kila mchana: kiti, harufu, neno lile moja, na mimi nakula. Sikuogopa, na chakula kilikuwa kitamu mno. Aliyedhoofika ni Mama Rosa. Alisimama mlangoni pa jikoni akinitazama mdomo, kama mtu asiyejua kusoma anayesubiri asomewe barua.

Siku ya mwisho ya likizo aliketi karibu nami. Alisema asubuhi ile mumewe alipokwenda shimoni walikuwa wamegombana, naye akakataa kumpikia. Aliondoka na njaa.

"Ng'wanone," aliniita kwa Kisukuma, mwanangu, "muulize kama bado ana njaa."

Nikauliza. Hakuna aliyejibu. Hata harufu haikuwepo siku hiyo. Nikamtazama Mama Rosa usoni, nikadanganya.

"Amesema ameshiba."

Hapo kiti cha dirishani kikaburutwa. Safari hii tulisikia sote watatu. Shangazi alinikamata mkono hadi ukauma. Nyayo nzito za buti zilitembea juu ya saruji, zikatupita, na mlango wa wavu ukafunguka kwenye jua lile jeupe, ukajifunga. Mama Rosa hakulia. Alisimama, akaitoa sahani ya dirishani, tambi zikiwa bado zinafuka, akaenda kuiosha.

Likizo iliyofuata tulikuta hoteli imefungwa. Alikuwa amerudi Kharumwa kulima mpunga, na sikumwona tena. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba nilidanganya, na hadi leo sijui kama nilimpumzisha mumewe au nilimfukuza.

Siku hizi wajukuu hunipeleka Mwanza kula tambi, na si mbaya. Wao hupiga picha kwanza, chakula kinapoa, kisha kila mmoja anainamia simu yake. Enzi zetu mtoto akiacha chakula, nyumba nzima ililala na wasiwasi, na mjini kote wakajua. Sasa naacha nusu, na mhudumu ananiinamia kwa adabu na kuuliza, "Tukufungie, bibi?"