Nyumba Inayopitika ya Mwamkulu

Tangazo la kuuza nyumba yetu ya Mwamkulu niliandika mimi, kwa kuwa ndugu zangu waliamini kwamba mtu aliyetumia maisha yake kusoma lugha za kale hawezi kushindwa na aya moja ya Kiswahili. Niliipokea kazi hiyo kwa uzito wake. Nilieleza kuwa nyumba ilijengwa na mhandisi mgeni katika siku za uchimbaji wa madini ya risasi. Kuwa kuta zake ni za matofali ya kuchoma, nene kiasi cha mtoto kuweza kujinyoosha na kulala dirishani. Kuwa dari ni ya mbao za mninga, na kuwa paa linavuja katika pembe ya kaskazini. Mdogo wangu, ambaye anauza vipuri vya bodaboda mjini Mpanda, aliisoma kazi yangu hadi mwisho, akaniuliza kwa upole:

"Kaka, unauza nyumba au unatoa ushahidi mahakamani?"

Akaifuta pembe ya kaskazini. Nikairudisha.

Jambo moja hatukuliandika, kwa sababu hatukujua liandikwe vipi: nyumba ile ni njia. Mhandisi alilizungushia shamba lote ua wa minyaa ulioshikana na nyumba kulia na kushoto, na minyaa ikakua ikawa ukuta wa kijani. Utomvu wake unaunguza macho, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuikata ili apate upenyo. Nyuma ya nyumba ardhi inateremka hadi kwenye mbuga ya mpunga. Mbele kuna barabara ya kwenda mjini. Baba alipoinunua nyumba kwa mhandisi aliyekuwa anarudi kwao, familia zilizotoka Burundi zilikuwa zimeanza kulima mbugani, nazo zilikuwa zikizunguka ua wote ili kuifikia barabara. Msimu mmoja mbuga ilifurika na njia ya kuzunguka ikazama. Shangazi yangu, dada wa baba, akamwona mama mmoja amesimama mvuani na mtoto mgonjwa mgongoni. Akamwambia, "Pita humu ndani, mwanangu, uwahi hospitali." Mama akaingia kwa mlango wa nyuma, akafuata korido, akatokea kwa mlango wa mbele. Mtoto alipona. Kesho yake walipita wawili, na mbuga ilipokauka waliendelea kupita, maana hakuna aliyewaambia kwamba ruhusa imekwisha.

Wanasheria wa Roma walikuwa na haki ya namna hiyo, ya mtu kupita kwa miguu katika ardhi ya mwenzake, lakini sijaona popote walipoipitisha kati ya chumba cha kulala na chumba cha chakula. Kwetu ilikuwa na adabu zake. Anayeingia husema, "Tunapita," hata akiwa peke yake. Aliye ndani hujibu, "Piteni salama," bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Jembe hushikwa wima lisikwaruze ukuta. Mbuzi hubebwa. Sakafu ya korido ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na katikati yake, mlango hadi mlango, nyayo zilikuwa zimechora mstari mweupe ulionyooka. Nikiwa mtoto niliamini kwamba kila nyumba duniani ina mstari wake.

Shangazi ndiye aliyebaki peke yake katika nyumba ile, naye ndiye aliyetaka iuzwe. Ninalisema hili mapema ili mtu asimwonee huruma isiyohitajika. Miguu ilikuwa imemchosha, vyumba vilikuwa vingi, naye alikuwa amekwisha kuchagua chumba chake katika nyumba ya mdogo wangu kule Misunkumilo, karibu na kanisa na wajukuu. Alikuwa na sharti moja, alilotuambia sote katika kikao cha ukoo.

"Mimi nahama kwa furaha, baba," aliniambia. Ananiita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. "Lakini siweki sahihi mpaka nijue hawa watu watapita wapi. Nimewazoesha mimi. Siwezi kuwaachia ukuta."

Bila sahihi yake hakuna mauzo. Nyumba ingebaki ikivuja, naye angebaki ndani yake akihesabiwa mwenye bahati.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa bwana mmoja kutoka mbali, mwenye viatu vizuri. Alisifu dari. Alipofika katikati ya korido akapishana na mzee aliyebeba beberu kifuani, kichwa cha beberu kikiwa begani kama cha mtoto mchanga. "Tunapita," alisema mzee. Yule bwana alimgeukia mdogo wangu. "Hii ni nyumba au ni stendi?" Hatukumwona tena.

Ndiyo maana alipokuja mnunuzi wa pili, mdogo wangu aliamua milango yote miwili ya korido ifungwe tangu alfajiri. "Siku moja tu," alisema. "Aone nyumba ikiwa nyumba." Shangazi hakuambiwa, alikuwa jikoni, ambako ni banda la peke yake ubavuni mwa nyumba, upande wa barabara, akichambua mchele. Mimi nilikuwa darini nikikagua mbao, kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika wa lile neno mninga. Mdogo wangu alikwenda mjini kumpokea mgeni.

Niliposhuka na kuchungulia dirishani, niliona wanawake wameketi kwenye mikeka mbele ya nyumba, kanga zimefungwa viunoni, kimya. Wanaume walikuwa wanashusha kuni chini ya mikaratusi. Sufuria kubwa ilikuwa imeinamishwa kando, na gunia la mchele limeegemezwa kwenye nguzo ya baraza. Katikati ya wanawake alikaa shangazi yangu, ameshika tama, machozi yakimtiririka.

Nilitoka kwa mlango mdogo wa ubavuni unaoelekea jikoni, nikaketi na wanaume. Mtu hawaulizi watu waliokaa msibani ni nani amekufa, anangoja aambiwe. Nilingoja. Nao, kama nilivyotambua baadaye, walikuwa wananingoja mimi.

Mgeni alifika kwa bajaji pamoja na mdogo wangu: mama wa makamo mwenye duka la vitambaa mjini, amevaa baibui, na mkononi ana mfuko wa sukari alionunua njiani baada ya mtu wa barabarani kumwambia kwamba kwenye ile nyumba kubwa kuna msiba. Mdogo wangu alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa na asiyemjua. Mama yule hakuitazama nyumba hata kidogo. Alivua viatu, akaketi mkekani, akamshika shangazi mkono.

"Pole sana, mama. Nani ametutoka?"

Shangazi akajifuta macho. "Hata mimi nangoja waniambie, mwanangu. Nimewakuta wamekaa."

Mgeni akawatazama wanawake mmoja mmoja. Hatimaye jirani yetu wa zamani, yule yule aliyepita mvuani na mtoto mgongoni, akakohoa.

"Si tumekuta milango imefungwa mchana?" alisema. "Milango ya nyumba hii haifungwi mchana. Tukasema basi, bibi katutoka."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Tukakimbilia kuni na mchele. Halafu ukatoka jikoni unatembea."

"Na nyie mkanyamaza!"

"Tungesemaje? Tukajua si wewe. Tukabaki tunamngoja huyo mwingine. Na wewe ukakaa, ukaanza kulia, tukasema kumbe ni kweli yupo."

"Nililia kwa sababu nyie mmekaa!"

Mwanamke mmoja wa nyuma alianza kucheka akiwa amejiziba mdomo kwa kanga, na baada ya hapo haikuzuilika. Shangazi alicheka hadi akalala ubavu. "Nimejililia mwenyewe," alikuwa akisema, "na wala sikulia vya kutosha!" Mdogo wangu alikwenda kufungua milango bila kuambiwa na mtu, na wanaume wakamfuata kwa macho. "Fundi wa vipuri," mmoja wao alimwambia, "spea ya mlango ni kuuacha wazi."

Mchele ulikuwa umekwisha kuletwa na kuni zilikuwa zimekwisha kupasuliwa, basi chakula kikapikwa. Sukari ya mgeni iliingia kwenye chai. Baada ya kula aliizunguka nyumba, na mimi nikamwonyesha pembe ya kaskazini. Akashukuru. Kisha akasimama katika korido, akiutazama mstari mweupe, watu wakimpita na vyombo vya kuosha.

"Utaifunga mchana?" shangazi akamuuliza. Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

"Sitakudanganya, mama. Mzee wangu amestaafu, na mchana analala. Humu ndani watamwamsha." Alifikiri kidogo. "Nitakata ua hapo pembeni mwa nyumba, niweke geti lisilo na kufuli. Wapite hapo, usiku na mchana."

Lilikuwa jibu la haki, na mdogo wangu alikwisha kushusha pumzi. Shangazi hakuishusha yake.

"Na mvua ikinyesha? Geti halina paa."

Yule mama alimtazama jirani yetu, akayatazama machozi ya kicheko yaliyokuwa hayajakauka usoni mwa shangazi. "Mvua ikinyesha," alisema, "wapite ndani."

"Basi leteni hiyo karatasi," alisema shangazi.

Nilimsindikiza shangazi kwenda kumsalimu mwenye nyumba mpya baada ya miezi kadhaa. Mpunga ulikuwa umevunwa na anga lilikuwa kavu, bluu tupu kutoka upande hadi upande. Ua ulikuwa umekatwa vizuri. Geti lilikuwa wazi, na kuku walikuwa wakilitumia. Paa la kaskazini lilikuwa na mabati mapya. Tulikaribishwa vitini ndani ya korido, ambako mzee wa nyumba alikuwa amehamishia kiti chake cha kulalia, kwa sababu, alituambia, chumbani hakuna habari.

Jirani yetu alitokea mlango wa nyuma, jembe wima mkononi.

"Tunapita."

"Mama," mwenye nyumba alimwambia, "mvua iko wapi leo?"

Jirani alilitazama anga bila haraka, kama mtu anayetafuta ushahidi. "Huko mkoa wa jirani, Kaliua, inanyesha," alisema.

"Piteni salama," alijibu mzee, macho amefumba.

Shangazi alikunywa chai yake hadi mwisho. Tulipoaga, nilimpa mkono kuelekea mlango wa mbele ambako bajaji ilitungoja, lakini yeye aligeukia upande wa pili. Alitaka kwanza kuiona mbuga. Nilitembea nyuma yake juu ya mstari mweupe. Alipofika kizingitini alisimama, akawageukia wale wenyeji wawili, na kwa sauti ya mtu anayejaribu nguo mpya na kuona inamkaa, akasema neno ambalo miaka yote alikuwa amelijibu tu:

"Tunapita."