Kipande cha Kijivu

Juzi mjini Voi, afisa wa takwimu alituonyesha ukutani kwa projekta mchoro wa duara wa vifo katika kata zetu. Malaria ilipewa nyekundu, ajali za bodaboda manjano, na pembeni kikabaki kipande chembamba cha kijivu.

Mama mmoja wa Sagalla, leso nyeusi kichwani, akasimama.

"Mwanangu, mume wangu aliuawa na ndovu shambani. Yuko rangi gani?"

Afisa akaelekeza kalamu kwenye kijivu. "Hapo kwa Mengineyo, mama. Visababishi vidogo nimeviweka kundi moja, ndiyo mchoro usomeke."

"Yuko na nani humo?"

"Wa radi, wa nyuki, na aliyetumbukia kisimani."

Nilidhani atafoka. Akasogea mpaka ukutani, akakifunika kijivu kwa kiganja.

"Kama mmewalaza pamoja, basi sisi ni wafiwa wamoja. Nitajie nyumba zao, niende matanga."

"Majina hayamo, mama," afisa akasema, akabonyeza kompyuta kuendelea.

Kompyuta haina kosa. Makundi hupangwa na mtu. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa utalii. Mama alikuwa bado amesimama pale, na picha ya ndovu ikajaa ukuta mzima, juu yake.